Edonga Haina Kitufe

Edonga, ngoma ya Waturkana, haihitaji ngoma. Mdundo ni makofi, sauti na miguu inayotua chini kwa pamoja.

Halafu vikaja vinanda vya biti za kupangwa, kama Yamaha PSR za tangu miaka ya 1980. Mkono wa kushoto ukishika noti tatu, besi na dramu zinaanza zenyewe. Mtu mmoja, bendi nzima. Lodwar, mji uliokaa miaka mingi mbali na gridi ya taifa, hiyo ni hesabu rahisi: stima kidogo, na mzigo unabebeka kwa pikipiki. Kakuma nako, kambi iliyofunguliwa 1992 kwa waliokimbia vita vya Sudan, baadaye wakaja Wakongo na rumba yao. Rumba imo kwenye mashine. Edonga haimo.

Hapo ndipo naona shida. Wimbo unanyooshwa ulingane na biti iliyotungwa mbali, na mruko unapotea. Sisemi tutupe vinanda. Baadhi vinakuruhusu kutunga biti yako mwenyewe. Basi tuanze na makofi yetu, mashine ndiyo ifuate miguu.