Mgeni kwa Gitaa la Shredi? Anza na Hizi Albamu 7, Tena kwa Huu Mpangilio

Wacha nianze na makosa yangu ndio wewe usirudie. Nilikuwa nimeacha chuo juzi tu, nimejifungia keja huko Rongai na hedifoni yenye sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Cuzo yangu akanitumia albamu moja, akaniambia huyo ndiye msee wa mkono haraka zaidi amewahi skia. Nikaskiza dakika nne hivi. Noti zilikuwa zinamwagika kama mchele kwa gunia imetoboka. Nikazima. Nikasema hii ni kelele ya watu hawana kazi, nikakaa karibu miaka mbili bila kuigusa tena.

Saa hii hiyo albamu ni moja ya zile napenda sana. Haikubadilika, ni ile ile. Shida ni nilikuwa nimeanzia mahali mbaya. Na ukiuliza wasee wengi mbona walitoroka hii mziki, utapata ni hadithi hiyo hiyo: mtu alipewa ile ya spidi zaidi siku ya kwanza. Spidi ni kama pilipili. Inafanya chakula iwe tamu, lakini hakuna mtu hukula bakuli nzima ya pilipili.

Kwanza, shredi ni nini?

Ni upigaji wa gitaa wenye ufundi wa juu sana: noti nyingi, haraka, lakini kila moja inasikika safi. Mara mingi hakuna mtu anaimba. Gitaa ndio inaimba. Kuna mbinu tatu utaskia zikitajwa kila saa. Ya kwanza ni kugonga: vidole vya mikono yote miwili vinagonga nyuzi kwa shingo ya gitaa, kama mtu anapiga piano. Ya pili ni kufagia: piki inateleza kwa nyuzi kadhaa mara moja kama ufagio. Ya tatu ni kucharaza juu-chini bila kuruka, kila noti na mpigo wake.

Na usiseme hii ni mambo ya wazungu peke yao. Kama wazazi wako walikuwa wanacheza mziki ya Kongo sebuleni, tayari masikio yako inajua gitaa ya mbio. Diblo Dibala, mcharazaji aliyepiga na Kanda Bongo Man, alibatizwa "Machine Gun" juu ya vile vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwa sebene. Si shredi, lakini raha ni ya ukoo mmoja.

Tena pengine ushaskia shredi yenyewe bila kujua. Ile solo ya gitaa kwa "Beat It" ya Michael Jackson, kutoka albamu ya Thriller ya 1982, ni Eddie Van Halen. Kama hiyo solo hukubamba, uko ndani tayari.

Sasa tuingie. Huu mpangilio haufuati miaka. Unafuata masikio, kutoka rahisi hadi ngumu.

1. Joe Satriani – Surfing with the Alien (1987)

Huu ndio mlango. Satriani alikuwa mwalimu wa gitaa kabla awe staa. Kati ya wanafunzi wake kuna Kirk Hammett wa Metallica na Steve Vai, mwenye tutampata hapo chini. Na ualimu wake unaskika: kila ngoma iko na melodi unaeza imba ukiosha vyombo. Ana spidi, lakini huitoa tu wakati ngoma imeiomba.

Anza na "Always with Me, Always with You". Ni ngoma ya mapenzi, pole pole, bila neno hata moja, na utaelewa kila kitu. Ukimaliza, enda "Satch Boogie" uone huyo huyo mzee akikimbia.

2. Van Halen – Van Halen (1978)

Hapa ndipo moto ulishika. Hii ni albamu ya bendi, kuna mwimbaji, kuna kiitikio, kwa hivyo hutapotea. Lakini ngoma ya pili inaitwa "Eruption", dakika 1 na sekunde 42 za gitaa, na baada yake watoi wa gitaa duniani kote walianza kugonga nyuzi kwa mikono yote miwili. Eddie hakuibuni hiyo mbinu, wengine walikuwa wameijaribu kabla. Yeye ndiye aliifanya kila mtu aitake.

Chenye kitakushtua ni kwamba "Eruption" haikuwa kwa mpango. Eddie alikuwa anapasha vidole moto studioni, watu wa kurekodi wakaskia, wakasema hiyo lazima iingie. Na gitaa yake ilikuwa ya jua kali kabisa: mbao ya bei ya chini, shingo ya kununua kando, mashimo amechonga mwenyewe, rangi amejipakia. Alizaliwa Uholanzi, akakulia California, akafariki Oktoba 2020.

Shika jina la mwimbaji wa hii bendi, David Lee Roth. Atarudi hapo mwisho.

3. Polyphia – New Levels New Devils (2018)

Kama wewe ni mtu wa trap, pengine hii ndiyo itakushika kuliko zote. Polyphia ni vijana wa Plano, Texas, wenye walikaa chini wakajiuliza: mbona gitaa ya ufundi lazima ikae kwa metali ya kitambo? Wakachukua mapigo ya trap, besi nzito, alafu gitaa ya Tim Henson na Scott LePage ikakaa penye rapa angekaa.

Anza na "G.O.A.T.". Alafu skiza "Rich Kids", yenye kuna Yvette Young, mmoja wa wacharazaji wakali wa kizazi hiki. Ukiona imekubali, enda kwa "Playing God", ya albamu yao ya 2022. Hapo wameshika gitaa ya nyuzi za nailoni, ile laini ya kina Spain, na bado wanakata.

4. Steve Vai – Passion and Warfare (1990)

Sasa tunaanza kupanda mlima. Kabla ajulikane, kazi ya Vai ilikuwa kuskiza mziki ya Frank Zappa na kuiandika kwa noti, moja kwa moja, hadi Zappa akamchukua kwa bendi. Hiyo shule ilimfanya masikio yake yaskie vitu sisi hatuskii. Hii albamu ni kama ndoto: kuna vichekesho, kuna sauti za ajabu, kuna ngoma yenye gitaa inajibizana na mwalimu darasani.

Usiianze mwanzo siku ya kwanza. Enda moja kwa moja kwa "For the Love of God". Vai aliirekodi akiwa kwa mfungo wa siku kadhaa bila kula, na kuna vile gitaa inalia hapo hadi unaona ni kama mtu anaomba. Ukishaielewa hiyo, rudi nyuma uskize yote.

5. Yngwie Malmsteen – Rising Force (1984)

Hii sasa ndiyo albamu ilinifukuza.

Malmsteen ni msee wa Stockholm, Uswidi. Alikulia akipenda Hendrix na Deep Purple, alafu akakutana na Bach na Paganini, yule Mwitaliano wa violini, akaamua gitaa ya umeme inaeza fanya chenye violini inafanya. Mbao ya shingo ya gitaa yake imechongwa mashimo kati ya vyuma, ndio kidole kiguse uzi peke yake. Karibu albamu yote haina mwimbaji. Ni ngoma mbili tu ziko na sauti ya mtu.

Mbona ilinishinda? Juu nilikuwa naskia noti moja moja, na huyu hufai kumskia hivyo. Noti zake ni kama mvua kwa mabati: huhesabu matone, unaskia mvua. Lakini masikio lazima yafike hapo kwanza. Ukiwa umepitia Satriani na Vai, utafungua "Black Star" na uskie kuna wimbo wa huzuni uko chini ya hiyo spidi yote. Ulikuwa hapo siku zote. Baadaye weka "Far Beyond the Sun" na ushike kiti.

Kitu moja ya ukweli: kuna wasee hawatawahi mpenda, wanasema ana mbwembwe nyingi. Ni sawa pia. Mpe nafasi mbili, ikikataa songa mbele.

6. Animals as Leaders – The Joy of Motion (2014)

Tosin Abasi alizaliwa Marekani, wazazi wake ni Wanigeria. Gitaa yake iko na nyuzi nane badala ya sita, na mara nyingine anaipiga kwa kidole gumba kama mtu wa besi, hadi huwezi jua ni gitaa ama ni dramu. Bendi haina mwimbaji, na haina mtu wa besi pia. Ni gitaa mbili na dramu.

Ugumu wa hii albamu hauko kwa spidi, uko kwa hesabu ya mapigo. Utatingisha kichwa, alafu utapata umekosea, uanze tena. Usijali. Anza na "Physical Education", yenye iko na mdundo wa kukubeba, na uache mwili uhesabu badala ya akili. Kama umewahi cheza ngoma za ocha zenye mapigo matatu yanakimbizana na mawili, mwili wako unajua hii kazi kuliko unavyodhani.

7. Jason Becker – Perpetual Burn (1988)

Nimeiweka mwisho makusudi, juu hii si ya kuskiza ukiwa kwa mathree.

Becker alikuwa mtoi wa California, tineja bado. Tayari alikuwa na bendi inaitwa Cacophony pamoja na Marty Friedman, mwenye baadaye aliingia Megadeth. Lebo yao ilikuwa Shrapnel Records ya Mike Varney, lebo ndogo yenye miaka ya themanini ilikuwa inasaka vijana wa gitaa kila mahali. Perpetual Burn ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa solo. Ufundi uko juu kuliko karibu kila kitu kwa hii listi, lakini skiza "Altitudes" ama "Air" na utaskia kijana mwenye alikuwa anatunga kama mtu mzima.

Alafu akapata kazi ya ndoto. David Lee Roth, yule wa Van Halen, alimchukua kwa bendi yake. Wakati huo huo mguu ukaanza kulegea. Daktari akampata na ALS, ugonjwa wa mishipa unaoua misuli pole pole. Alikuwa na miaka 20. Alimalizia kurekodi albamu ya Roth mikono ikiwa inakosa nguvu, na hakuweza kwenda kuipiga jukwaani. Alipewa miaka michache ya kuishi.

Vidole vikaenda, sauti ikaenda. Babake akabuni njia ya herufi ya kubonga kwa macho: Jason anaangalia upande, mtu anasoma neno. Kwa hiyo njia, pamoja na kompyuta, akaendelea kutunga. Mwaka wa 2018 alitoa albamu, Triumphant Hearts, na wacharazaji wakubwa wakaja kupiga noti zenye yeye hangeweza kuzigusa. Miaka karibu thelathini baada ya daktari kusema kwisha.

Mimi huwa naskiza "Altitudes" nikijua hiyo yote, na ile swali ya "spidi ni ya nini?" hupotea. Alikuwa na mikono kwa muda mfupi, na akaitumia yote.

Vile utaziskiza

- Albamu moja kwa wiki. Ukimeza zote wikendi moja utavimbiwa kama mimi.
- Hedifoni, masikio zote mbili zikifanya kazi. Spika ya simu inaua nusu ya noti.
- Anza na ngoma nimekutajia, si ya kwanza kwa albamu.
- Skiza mara mbili. Mara ya kwanza fuata melodi. Mara ya pili ndio ushangae spidi.
- Kama siku ya pili huwezi kumbuka hata melodi moja, hiyo albamu si yako kwa sasa. Iweke, urudi baada ya miezi kadhaa.

Ukimaliza saba na bado una njaa: Eric Johnson na Ah Via Musicom (1990), yenye iko na "Cliffs of Dover" iliyoshinda Grammy, Guthrie Govan wa Uingereza na Erotic Cakes (2006), Plini wa Australia na Handmade Cities (2016), Nita Strauss na Controlled Chaos (2018).

Na cuzo yangu, kama unasoma hii: ulikuwa na haki kuhusu Malmsteen. Uliniletea tu mapema. Bado nakudai hedifoni.