Mundu Katika Kibanja: Ukataji wa Migomba na Amri za Serikali Bukoba

Anayetafiti historia ya kilimo cha Buhaya hukutana kwanza na kahawa, kwa sababu kahawa iliuzwa nje, ikatozwa ushuru na hivyo ikaandikwa. Mgomba, uliowalisha watu hao hao, umeachwa pembezoni mwa kumbukumbu. Insha hii inauangalia mgomba kwa upande mmoja tu wa utunzaji wake, yaani ukataji, na inahoji kwamba migogoro ya kilimo iliyotokea Bukoba wakati wa ukoloni haiwezi kueleweka vizuri bila kuuliza nani alikuwa na haki ya kuamua kipi kikatwe na kipi kiachwe.

Tuanze na mmea wenyewe. Mgomba si mti. Kinachoitwa shina ni maganda ya majani yaliyofungamana, na kila shina huzaa mkungu mmoja kisha hufa. Kinachodumu ni tunguu lililo ardhini, ambalo hutoa machipukizi mwaka hadi mwaka. Mkulima huchagua machache ya kuendeleza ukoo huo, kwa kawaida mama, binti na mjukuu, na kuyakata mengine. Akiyaacha yote, hunyang'anyana chakula na mikungu hudhoofika. Akikata kupita kiasi, hukosa ndizi za msimu ujao. Kibanja kinachodumu vizazi vitatu au vinne kimetokana na maelfu ya maamuzi madogo ya namna hiyo.

Maamuzi hayo yalifanywa chini ya mvua nyingi. Mji wa Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachopungua hadi karibu nusu yake kadiri mtu anavyokwenda magharibi kuelekea Karagwe. Mvua hiyo huuwezesha mgomba kustawi mwaka mzima, lakini pia huosha rutuba ya udongo. Ndiyo maana nyika inayozunguka vijiji, yaani rweya, ni ardhi dhaifu iotayo nyasi, ilhali udongo wa kibanja, hatua chache tu kutoka hapo, ni mweusi na wenye rutuba. Tofauti hiyo ni kazi ya mikono. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba, samadi ya ng'ombe ikaongezwa, na majani makavu na mashina yaliyokwisha kuzaa yakarudishwa ardhini. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilipoangamiza mifugo, iliharibu pia chanzo cha rutuba ya vibanja. Katika mfumo huu kila kilichokatwa kilikuwa na mahali pa kwenda. Kulikuwa na takataka kidogo sana.

Kahawa ilikuwa na historia tofauti kidogo. Robusta ilikuwapo Buhaya kabla ya Wajerumani kujenga kituo chao Bukoba mwaka 1890. Buni zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa, zikatumika pia katika kuchanjiana udugu wa damu, na Wakama walidhibiti upandaji wake. Mibuni ilisimama miongoni mwa migomba, mara nyingi ikiachwa irefuke. Ilipogeuka kuwa zao la biashara, hasa chini ya Waingereza, mbuni uliorefuka ovyo ulianza kuhesabiwa kuwa kosa la mwenye shamba.

Kanuni za kilimo cha kahawa zilizotekelezwa kupitia utawala wa Wakama ndizo zilizozua ghasia za mwaka 1937. Ni rahisi kuzisoma ghasia hizo kama siasa ya bei na ya vyama tu, na siasa hiyo ilikuwapo kweli. Lakini mkaguzi wa kilimo hakuishia sokoni. Aliingia kibanjani, na kibanja cha Mhaya ni mahali pa makaburi ya wazazi wake. Mtu anayeamuru mmea ung'olewe hapo hawezi kupokewa kama mtaalamu tu, hata kama utaalamu wake ni sahihi.

Suala la fukusi wa migomba linaonesha ugumu huu waziwazi zaidi. Fukusi hutaga mayai chini ya shina, na viwavi wake hutoboa tunguu hadi mgomba uanguke kwa upepo. Mdudu huyo hupenda mashina yaliyokatwa yakiwa bado na unyevu, na katika nchi ya mvua unyevu haukauki upesi. Kwa hiyo mtaalamu hushauri shina likatwe chini kabisa na kupasuliwa likauke. Kwa upande mwingine, wakulima wengi wa ukanda wa Maziwa Makuu huacha kisiki kirefu baada ya kuvuna, wakiamini kwamba maji na chakula kilichobaki humshukia binti. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na hoja: mmoja ulimwona mdudu, mwingine ukauona mgomba wa mwaka ujao. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 jambo hili halikupelekwa kwa wakulima kama mjadala. Lilipelekwa kama amri. Ali Migeyo alikuwa miongoni mwa waliozipinga kanuni hizo hadharani, naye baadaye akafungwa. Hivyo mdudu wa ukubwa wa punje ya mahindi akaingia katika historia ya kudai uhuru.

Mwaka 2006 amri ya kung'oa ilirudi, safari hii katika nchi huru. Mnyauko wa bakteria, uliokuwa umegunduliwa Uganda mwaka 2001, ulionekana wilayani Muleba. Ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua dume moja hadi jingine. Mkulima huubeba kwa mundu. Chombo kilichokidumisha kibanja kwa vizazi kikawa ndicho kinachokiua. Wataalamu walishauri ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, vyombo vipitishwe motoni au kwenye dawa ya klorini, na migomba iliyougua iondolewe.

Ushauri huo haukupokewa kila mahali kwa kasi moja, lakini haukuzua ghasia kama zile za 1937. Sababu mojawapo, nadhani, ni kwamba mkulima aliweza kuipasua ndizi yake na kuuona uozo kwa macho yake, jambo ambalo fukusi aliyejificha ndani ya tunguu hakumruhusu babu yake kulifanya kwa urahisi. Leo unaweza kumkuta mkulima akipitisha mundu juu ya makaa kabla ya kuhamia shina la pili, na nyuma yake kisiki kirefu cha mkungu wa juzi bado kimesimama.