Mshipa Usioziba
Mtoto wa mbwa akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Mshipa mfupi karibu na moyo huipitisha damu kando ya mapafu, na akishazaliwa huziba. Kwa baadhi yao hauzibi, na moyo huelemewa.

Mwaka 1968, Donald Patterson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alionyesha kuwa kasoro za moyo za kuzaliwa nazo huwapata zaidi mbwa wa mbegu safi kuliko chotara, na baadhi ya mbegu zina kasoro zake. Poodle hurithi mshipa usioziba. Newfoundland, njia nyembamba chini ya vali ya aota.

Kwa vizazi vingi, wafugaji walichagua manyoya na umbo. Moyo hawakuuona, lakini nao ulirithishwa.