Kijana wako yu tayari kuachiwa mtoto mchanga?

Likizo ya Agosti nilipanda Kisii kumtazama mdogo wangu aliyeolewa huko. Alikuwa ametoka arubaini, mtoto ana wiki 6. Sisi Pwani mzazi hazungukwi na mikono miwili tu: kuna mama, shangazi, jirani wa kumkanda na wa kumpokea mtoto. Yeye kule hana hata mmoja. Alitaka kurudi kwenye meza yake ya nguo sokoni Daraja Mbili, mtoto amwachie binti yake wa miaka 14. Akaniuliza, "Dada, yu tayari huyu?"

Kisii na Nyamira swali hili si geni. Kwa Ekegusii mtoto anayemlea mdogo wake huitwa omoreri. Robert na Barbara LeVine, watafiti kutoka Marekani walioishi na Wagusii miaka ya 1950, waliandika kuwa kazi hiyo ilikuwa ya wasichana wadogo, wengi wao wa miaka 6 hadi 10. Lakini mama alikuwa shambani karibu na boma, mtoto akilia anaitwa. Leo soko liko mbali, na omoreri yuko darasani. Desturi tumebaki nayo, ule ukaribu umeondoka.

Kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Mimi ningeangalia haya.

Kwanza, umri wa mtoto. Siku 28 za mwanzo asiachiwe kijana peke yake. Hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na hali yake hubadilika upesi. Kijana awe msaidizi, mtu mzima awe nyumbani.

Pili, mikono. Ajue kushika shingo, kumcheulisha, kumlaza chali mahali pasipo mito wala mablanketi mazito, na kunawa kabla ya kumshika.

Tatu, dalili za hatari: mtoto akikataa kunyonya, akishikwa na degedege, akilegea, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akichemka au akiwa baridi kupita kiasi. Hapo hangoji mama arudi. Anaita mtu mzima na mtoto apelekwe hospitali.

Nne, subira. Muulize: mtoto akilia nusu saa hanyamazi, utafanyaje? Jibu jema ni kumlaza mahali salama, kutoka nje kidogo apumue, na kuita mtu. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumuumiza ubongo au kumuua.

Tukamjaribu saa moja, sisi tukiwa uani. Alimbadilisha nepi vizuri, akamwimbia, akamlaza. Niliporudi ndani nilikuta mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na jiko la makaa liko kando ya kitanda. Baridi ya Kisii, alimwonea huruma mdogo wake. Hewa ya sumu ya makaa haionekani wala hainuki, na chumba kilichofungwa huua waliolala. Sikumgombeza. Alifanya alivyoona wakubwa wakifanya, nami ndiye niliyesahau kumwambia.

Tano, shule na haki yake. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 hupewa kazi nyepesi tu isiyomharibia masomo. Hili litufikie nasi wa Mombasa tunaoagiza wasichana wadogo kutoka bara waje kuwa yaya. Tusilolikubali kwa binti zetu, tusiwatwike wa wenzetu.

Tulikata shauri hivi: binti akae na mtoto saa mbili tu, siku za likizo, jirani mtu mzima akiwa karibu na simu ina salio. Jiko libaki nje. Shule ikifunguliwa, mtoto aende sokoni mgongoni kwa mamake. Dadangu alinuna, maana mauzo yatapungua. Lakini mtoto ni amana, na huyo wa miaka 14 naye ni mtoto.