Manyunyu ya Kihansi

Mto Kihansi huteremka kutoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na kupasua ukingo wa milima ya Udzungwa kabla ya kuingia bonde la Kilombero. Katika kilomita chache tu maji yalikuwa yakishuka takriban mita 850, poromoko baada ya poromoko. Kwa wanaofua umeme, mshuko wa namna hiyo ni utajiri.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulishusha kina cha bwawa la umeme la Mtera na kuleta mgawo wa umeme nchini. Katikati ya muongo huo ujenzi ukaanza Kihansi, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili. Mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja ilifungwa chini ya ardhi, maji yakipelekwa humo kwa handaki. Bwawa lenyewe ni dogo, halikuzamisha bonde pana, na kwa kipimo hicho mradi ulionekana hauna madhara makubwa. Kosa lilikuwa kutolichunguza korongo la maporomoko kwa makini kabla ya kuanza kujenga.

Chini ya maporomoko, manyunyu yalilowesha miteremko usiku na mchana, mwaka mzima. Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, watafiti walikuta humo chura wa rangi ya dhahabu, mfupi kuliko sentimita tatu, ambaye hajulikani kuishi kwingine kokote duniani. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto walio hai, wadogo kama punje ya mchele, ambao hujificha papo hapo kwenye kuvumwani na majani mabichi.

Kufikia 2000 mitambo ilikuwa ikifanya kazi, na takriban sehemu tisa kati ya kumi za maji zilikuwa zimeondolewa korongoni. Manyunyu yakakatika. Mimea ya majimaji ikanyauka, magugu ya nchi kavu yakaingia. Vyura karibu 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, na korongoni yakatandazwa mabomba yenye vichwa vya kunyunyizia matone membamba. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, maana uoto ulianza kurudi na vyura wakaongezeka. Lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na wengine wakakutwa na kuvu wa kitridi, wanaosababisha ugonjwa wa ngozi unaoua vyura sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Waliozaliwa wakitunzwa Marekani ndio waliookoa kizazi. Vyura 100 walirejeshwa mwaka 2010 kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa korongoni, kwenye miteremko inayoloweshwa na mabomba.