Usiku wa usomaji wa waandishi wanawake Posta: Mambo ya kujua kabla hujaenda

Umeona tangazo WhatsApp: “Usiku wa usomaji, waandishi wanawake, duka la vitabu.” Unajiuliza, ni semina au ni shoo?

Si semina wala si shoo. Mwandishi anasimama na kusoma kazi yake kwa sauti, mara nyingi dakika tano hadi kumi, kisha wasikilizaji wanauliza na kutoa maoni. Siku ikiwa ya wanawake, wanaosoma ni wao. Kwa kawaida wanaume wanakaribishwa kukaa na kusikiliza.

Dar es Salaam mikusanyiko ya namna hii inajulikana zaidi Soma Book Café, Mikocheni. Mmoja wa walioijenga ni Demere Kitunga, ambaye mwaka 1989 alianzisha na mwandishi Elieshi Lema kampuni ya uchapishaji ya E&D. Lakini Posta nayo ina historia yake, na si ndogo.

Pale Mtaa wa Samora kuna duka la vitabu la TPH. Jina hilo ni la Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa 1966. Walter Bgoya aliliongoza kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mwaka 1973 TPH ilitoa tamthilia ya Tambueni Haki Zetu ya Penina Muhando, ambaye wengi leo wanamjua kama Profesa Penina Mlama. Alikuwa na miaka ya ishirini na kitu tu.

Kazi yake ya Nguzo Mama (1982) inafaa sana kusomwa kwa sauti. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, kila mmoja ana shida zake, na tamthilia inaisha nguzo ikiwa bado haijasimama. Ukiisoma mbele ya watu, ubishi unaanza wenyewe.

Na wanawake hawakuanza kuandika juzi. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 hivi. Karibu zaidi na sisi, Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya katika Tuzo ya Mabati-Cornell ya 2015 kwa Penzi la Damu, na 2018 akashinda Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi.  Nazo huenda zilianza kama karatasi kwenye droo, kama zako.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, ambao ni saa. Ofisi zikifungwa, mitaa mingi ya Posta inapoa haraka. Mtu anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto anawaza daladala, giza na wanaomsubiri nyumbani. Ratiba ikianza saa moja na nusu usiku, baadhi ya waliokuja kusoma wataondoka kabla hata hawajaitwa. Ndiyo maana ni busara kuanza saa 11 jioni, hata kama tangazo linasema “usiku”. Wanaokaa mbali wasome kwanza. Duka likiweza kuchangia nauli, lichangie. Ni bei ndogo kuliko viti vitupu.

La pili ni simu. Mtu anasoma shairi ambalo halijachapishwa, mwingine anarekodi, kesho liko status bila jina la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa. Huhitaji kusajili ndipo iwe yako. Kusajili COSOTA kunasaidia kwenye ushahidi ukitokea mgogoro. Hata hivyo, kinga rahisi ni mwongozaji kutangaza mwanzoni kabisa: hakuna kurekodi bila ruhusa ya anayesoma. Baadhi ya wanawake wanaandika mambo ya ndoa au ya kazini, na kipande cha sekunde thelathini kinaweza kumfikia mtu ambaye hakikumhusu.

Ukitaka kusoma, peleka jina mapema na uchague kipande kinachosimama chenyewe, si sura ya tisa inayohitaji maelezo ya robo saa. Kipime kwa saa ukiwa nyumbani, kwa sauti, maana macho hukimbia kuliko mdomo. Kichape kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu simu itazima skrini au mama atapiga katikati ya ubeti.

Na ukimaliza mswada, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Maktaba Kuu iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kutoka Samora unafika kwa miguu.