Hakimu, Akida na Diwani

Wenye kufasiri habari za Roma ya kale kwa Kiswahili hupata taabu mapema ya kumpa jina yule aitwaye kwa Kilatini magistratus. Wengi hukimbilia neno hakimu, kwa kuwa Waingereza walilirithi neno hilo la Kilatini kwa maana ya mwamuzi wa kortini. Fasiri hiyo yapotosha. Sheria ya mji wa Malaca, katika Hispania, iliyochorwa juu ya bamba la shaba katika karne ya kwanza na kuvumbuliwa mwaka 1851, yaeleza jinsi raia walivyopiga kura, kila kundi katika uzio wake, kuwachagua duoviri, yaani wakuu wawili wa mwaka mmoja. Mgombea hakukubaliwa ila aweke wadhamini kwa ajili ya fedha ya umma. Wakuu hao waliamua mashauri na kuutawala mji vilevile.

Je, Kilosa pana jina la kufaa? Katika utawala wa Wajerumani akida alitoza kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, akawasimamia majumbe na kukata mashauri madogo. Kwa kazi zake alimkaribia mno mkuu wa Malaca. Lakini akida aliwekwa na Serikali, na huko bara aghalabu alikuwa mtu wa pwani asiye na nasaba na wale aliowatawala. Hata jumbe ni neno la Mrima, lililopandishwa bara pamoja na cheo chake. Waingereza, kwa sheria ya 1926, walirudisha watawala wa kienyeji, ila kuhukumu na kutawala aghalabu kukabaki mikononi mwa mtu yuleyule; mwaka 1963 zikapitishwa sheria za kufuta utemi na kuweka Mahakama za Mwanzo.

Labaki diwani, neno la asili ya Kiajemi. Mrima lilikuwa cheo cha wakuu wa miji, nacho kilifuata ukoo. Leo diwani wa Mikumi huchaguliwa kwa kura za kata yake kwa miaka 5, na pamoja na wenzake humchagua mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Hahukumu mtu, na mkurugenzi, ashikaye utendaji, huteuliwa na Rais. Neno limebadili chimbuko la mamlaka bila kubadili herufi hata moja, jambo ambalo wanakamusi hulipita upesi mno.

Afadhali basi mfasiri aandike “mkuu wa mji aliyechaguliwa”, ijapokuwa ni maneno manne mahali pa moja, na hakimu aachiwe mahakama, ambako hakuna ampigiaye kura.